Presha ya Bomba

Miaka ishirini na miwili nimefunga mabomba,
Temeke, Keko, hadi majumba ya Masaki
ambako maji hupanda ghorofa bila kuombwa.
Najua bomba likibanwa linavyosema:
kwanza mluzi, kisha ukuta unatetemeka.

Kwa hiyo daktari aliponigeuzia kioo
akanionyesha mshipa uliokonda
pale pale walipounga, miezi saba nyuma,
figo ya Siwatu na mwili wangu,
sikuhitaji mkalimani.
"Damu haiifikii ya kutosha," akasema.
"Figo inadhani mwili mzima una ukame.
Inaagiza presha."
Mia na tisini juu ya mia na kumi.
Nikacheka. Wateja wa hivyo ninao:
valvu yao wenyewe imeziba,
wanawatukana watu wa maji.

Waliingilia kinenani.
Waya, puto, kisha kichuma cha wavu
kilichotanuka ndani yangu na kukaa.
"Imekaa vizuri," wakasema,
na mimi fundi nalijua neno hilo:
ndilo tunalosema kabla ya kufungulia maji.

Usiku ule nilikojoa lita mbili na nusu.
Sista Editruda alipima kwa jagi la plastiki,
akaandika, akatabasamu.
Nililala kama mtu aliyemaliza deni.

Asubuhi paja lilikuwa zambarau.
Si jekundu, si jeusi: zambarau mbivu,
zile zipimwazo kwa kikopo kando ya barabara,
na chini ya ngozi uvimbe wenye mapigo yake,
moyo wa pili ambao hakuna aliyeualika.
Damu ilipenya pembeni ya tundu,
ikajichimbia chumba.
Wakaniwekea mfuko wa mchanga,
saa nne nzima, marufuku kukunja goti.
Mchanga wenyewe, nilipoupapasa,
ulikuwa wa kuchanganyia zege.

Siku ya tatu mkojo ukapungua.
Ile dawa waliyomwaga ili waone njia
imeichosha figo, wakasema, tusubiri.
Kreatini mia na arobaini.
Mia mbili na kumi.
Mia tatu sitini.
Na vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi:
nikiviacha, chuma kitaziba;
nikivimeza, paja linavuja,
mswaki unatoka mwekundu.
Hakuna koki ya katikati.

Siku hizi napima mwenyewe.
Katika daftari la kazi, lile la nusu inchi,
robo tatu, elbo sita, tepu mbili,
chini ya hesabu ya choo cha Keko Machungwa
ambayo mwenye nyumba hajanilipa,
nimeandika:
saa sita usiku, mililita themanini.
Saa nane, thelathini.
Saa kumi, hamna.

Siwatu sikumwambia.
Utamwambiaje mtu aliyekukatia ubavuni mwake
kwamba mzigo umeharibika ukiwa kwako?
Na niliutunza. Wallahi niliutunza.
Lakini mgonjwa hafichiki Dar es Salaam;
jioni alikuwa mlangoni mwa wodi,
nyuzi za bluu za sare za shule
zimemganda kwenye gauni,
chupa ya uji mkononi.

Hakuniuliza hali.
Alikaa upande wa kovu,
akaweka kiganja chini ya kitovu changu, kulia,
kama mzazi aliyempeleka mwanawe akalelewe kwa mjomba
kisha akaitwa kwamba kuna kesi.
"Wewe," akaiambia figo, sauti ya chini,
"ulipokuwa kwangu hukuwa hivi.
Umekuja kwa watu. Usinitie aibu."

Akaondoa mkono. Akamimina uji.
"Sijatia chumvi," akasema, akiniangalia sasa,
na sikuweza kumjibu.

Sista Editruda akaja na jagi.
Sote watatu tukaiangalia ile mistari ya vipimo,
kimya,
kama nyumba nzima inavyonyamaza koki ikikohoa
na hujajua bado kama ni maji
au ni hewa tu.